Muulize Ami: "Bei njoo inboksi" na mashaka mengine ya wateja wa simu

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni za simu, nani kajibiwa nani hakujibiwa, nani katapeliwa, nani kasemwa vibaya mtandaoni, basi nimeona safu nzima niiachie mambo hayo, za mirathi na wakwe zitangoja mwezi ujao inshallah. Majina nimeyatoa na barua zingine nimezikata maana kuna mmoja kaniandikia kurasa tano kuhusu pazia.

Ami, salaam aleikum. Mimi nauza madera na mitandio hapa Langoni, duka sina, nauza kwa stetasi ya WhatsApp na Facebook. Nikiposti dera watu wanauliza bei mpaka saa sita ya usiku, nikimjibu huyu kumi wengine wanauliza ile ile, halafu nikiwatajia wananyamaza. Mwenzangu ananiambia nisiandike bei hadharani, niseme "bei njoo inboksi" ndio mteja anase. Na mume wangu analalamika simu hailali. Nifanyeje? (Mwenye madera, Lamu)

Aleikum salaam dadangu. Huyo mwenzako anakupoteza. Mteja akiona bei imefichwa kitu cha kwanza anachofikiria ni kwamba unataka kumpima kwanza, uangalie picha yake ya profaili, uone kama yuko Nairobi ama yuko Ulaya, ndio umkatie bei ya sura yake. Wengi hawaji inboksi kabisa, wanapita zao, na we hutawajua maana aliyepita kimya haachi alama. Na hao wanaouliza kisha wananyamaza wala wasikuumize, wamekujibu tayari, hela hiyo hawana, sasa si afadhali wangeiona bei kwenye picha wakaenda zao bila kukuamsha saa sita ya usiku?

Kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida, weka ile ya biashara, WhatsApp Business, iko tangu 2018 na haina malipo. Ina kitu kinaitwa katalogi, unapanga bidhaa zako na picha na bei, inachukua mpaka 500, na sidhani madera yako yanafika huko. Sasa kila picha iandike yote mteja anayouliza, si bei peke yake. Mfano: "Dera la pamba, marefu inchi 58, lapwaya, rangi ni hizi tatu tu, 900. Lamu mjini naleta, Mokowe unaongeza nauli ya boti, Malindi na Mombasa lapanda basi la asubuhi, nauli ya kifurushi juu yako." Angalia hilo neno lapwaya, utashangaa ni maswali mangapi litakuondolea, maana wanawake wa kwetu wanachoogopa kwenye dera la mtandaoni ni libane tu, rangi watavumilia.

Halafu kuna majibu ya haraka, unaandika jibu mara moja unalihifadhi, siku nyingine unabonyeza ile alama ya mkwaju / unachagua, linajiandika lenyewe. Weka la nauli, weka la namna ya kulipa, weka la kubadilisha dera lisilotosha (na hilo la kubadilisha amua mapema kabisa, usisubiri ugomvi). Na la mumeo ni hili, kuna meseji ya kusema hupo, unaipangia saa, labda kuanzia saa tatu usiku mpaka saa mbili asubuhi, mtu akiandika inamjibu yenyewe "Tumepumzika, tutakujibu asubuhi, bei zote ziko kwenye katalogi." Unazima mlio unalala. Ila asubuhi ujibu kweli! Meseji ya kuahidi jibu na jibu lenyewe lisije ni bora ungenyamaza tu tangu mwanzo.

La pesa hukuniuliza lakini nitalisema. Usitoe mzigo kwa skrinshoti ya M-Pesa, hata mteja awe mtoto wa jirani, picha ya meseji inatengenezwa dakika moja. Angalia meseji iliyoingia kwako na angalia salio lako. Na hela za madera usizichanganye na hela za unga, fungua Pochi la Biashara au chukua till ya Lipa na M-Pesa, mwisho wa wiki utajua dera limekuingizia nini na wewe mwenyewe umekula nini.

Ami mimi nasambazia mahoteli samaki Malindi na Watamu, nguru, kolekole, kamba, pweza, wateja wangu hawafiki thelathini. Kuna kijana kaja na laptopu anasema biashara ya siku hizi bila apu yako mwenyewe si biashara, ati anitengenezee kwa shilingi 80,000, nusu nimpe sasa. (Mwenye samaki, Malindi)

Usimpe.

Makampuni makubwa yanatengeneza apu kwa sababu zao na ni sababu nzuri. Starbucks kule Marekani walianza kupokea oda za kahawa kwa apu mwaka 2014 katika mji wa Portland, mwaka uliofuata wakaieneza nchi nzima, na inawafaa kwa kuwa mtu ni yule yule, kahawa ni ile ile, kila asubuhi, anaagiza akiwa njiani analipa huko huko anafika anachukua anaondoka, na kampuni inajua anakunywa nini siku gani na inamzawadia pointi arudi. Hiyo ndiyo kazi ya apu, kumhudumia anayerudi mara kwa mara kitu kisichobadilika.

Samaki wako anabadilika kila alfajiri. Leo kuna nguru kesho bahari imechafuka hakuna kitu, wakati wa kusi ndio usiseme. Mpishi wa hoteli hataki kufungua apu na kukumbuka neno la siri, anataka saa kumi na mbili unusu asubuhi aone picha ya samaki wa leo juu ya mzani, kilo zikisomeka, na bei. Ile orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), unatuma mara moja kwa wote, inakutosha kabisa, kila mtu anaipata kwake peke yake na wala haoni wenzake, sharti tu namba yako wawe wameihifadhi. Wakati huo huo usidharau simu ya kubonyeza, hata Kenya Power wenye apu yao bado wanakuruhusu kupiga *977# kuripoti stima imepotea, maana wanajua si kila mteja ana simu janja na si kila siku ana bando. Wewe pia mwenye kukupigia kwa sauti mpokee tu, usimlazimishe kuandika.

Hizo elfu themanini nunua barafu na boksi zuri la kuhifadhia.

Ami nimepatikana. Pesa zilikatwa kwenye akaunti yangu nikaenda kwenye ukurasa wa Facebook wa benki nikalalamika kwenye komenti. Dakika tano haikufika nikapata meseji inboksi, nembo ya benki, jina la benki, "Pole sana mteja wetu mpendwa, tupe namba ya simu tukushughulikie." Nikampa. Akanipigia mtu mstaarabu sana, Kiswahili safi, akaniuliza kitambulisho nikampa, akaniambia kuna namba sita zitaingia kwenye simu nimsomee. Hapo moyo ukakataa nikakata simu. Je nimepona? Na nitawajuaje wa kweli? (Aliyeponea, Maweni, Malindi)

Umepona chupuchupu mwanangu, zile namba sita ndizo zilikuwa ufunguo wa mlango. Lakini kitambulisho na namba ya simu wanavyo, kwa hivyo usikae. Nenda tawini leo, kwa miguu yako, waeleze, wabadilishe neno la siri la huduma ya simu, na PIN ya M-Pesa badilisha mwenyewe. Kwa wiki mbili zijazo ukiona laini imekufa ghafla bila sababu usidhani ni mtandao wa Malindi, kimbia duka la kampuni ya simu, huenda kuna mtu kaibadilisha laini yako.

Sasa vile walivyokupata. Hawa watu kazi yao ni kukaa kwenye kurasa za mabenki na makampuni ya simu wakisubiri komenti ya mtu mwenye hasira. Wewe umeandika "pesa yangu iko wapi", umewapa kila kitu wanachohitaji: benki yako wanaijua, shida yako wanaijua, na wanajua umepaniki na unangoja simu. Wanawahi kukujibu kabla ya benki kwa sababu benki ina foleni wao hawana. Yaani kasi yenyewe ingekushtua! Nani kakuambia benki inajibu kwa dakika tano.

Usitegemee nembo, nembo ni picha na picha inachukuliwa. Tiki ya buluu nayo, ile alama ya kusema akaunti ni ya mwenyewe kweli, usiiabudu. Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, tiki ikawa inauzwa dola 8 kwa mwezi, mtu akalipa akafungua akaunti kwa jina la Eli Lilly, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, akaandika insulini sasa ni bure. Watu wakaamini, tiki si ipo, mpaka kampuni yenyewe ikatoka kuomba radhi kwa waliopotoshwa. Kama kampuni ya ukubwa ule iliigwa kwa dola nane, benki yako itashindikanaje?

Njia ni kuanzia upande wako. Fungua tovuti au apu ya benki, au angalia nyuma ya kadi, hapo kuna namba yao na majina ya kurasa zao, uende kutoka hapo. Akikuandikia mtu aliyekufuata mwenyewe, bonyeza jina lake uangalie ukurasa umefunguliwa lini, una posti ngapi, jina limeandikwaje, mara nyingi utakuta herufi moja imezidi ama kuna neno "help" limebandikwa mwishoni na ukurasa wenyewe una siku tatu. Na simu pia, Safaricom kwa mfano wametangaza miaka mingi kwamba wao wakimpigia mteja ni kwa 0722 000 000 tu, na meseji za matapeli unazipeleka 333 bure. Ila hata namba ikiwa ndiyo, hakuna mfanyakazi wa kweli anayetaka PIN wala zile namba zinazoingia kwa meseji. Hakuna. Hata akiwa anakuita kwa jina la marehemu babako.

Na makampuni nayo nitayasema maana lawama yote ikimwangukia mteja si haki. Mtu analalamika kwenye ukurasa wako asubuhi, unamjibu jioni "pole, tutumie ujumbe wa faragha", hapo katikati umewaachia matapeli siku nzima. Komenti ya mtu mwenye shida ya pesa ijibiwe kabla ya zile komenti mia za bahati nasibu na za hongera kwa mkurugenzi. Na tapeli akionekana kwenye komenti zenu mfuteni, ukurasa ni wenu.

Ami, nafanya kazi Shela kwenye nyumba ya wageni. Nilikuwa na swali kuhusu safari, nikaandikia kampuni moja WhatsApp, ikanijibu roboti, ikaniambia naweza kubadilisha tarehe bila malipo. Kufika ofisini kwao wananiambia hiyo si kweli, ati roboti imekosea, si wao. Hivi roboti ni ya nani kama si yao? (Mshangao, Shela)

Swali lako limeshaulizwa mbele ya sheria huko Kanada mwanangu, na jibu lake ndilo hilo unalolifikiria.

Ilikuwa hivi. Novemba 2022 mtu mmoja kafiwa na bibi yake, akaingia tovuti ya kampuni ya ndege ya Air Canada akaiuliza roboti kuhusu nauli ya punguzo kwa wafiwa. Roboti ikamwambia kata tu tiketi, halafu utaomba punguzo ndani ya siku 90. Akakata, akazika, akaomba. Kampuni ikakataa, ikasema sheria zake haziruhusu kuomba baada ya kusafiri na kwamba ukurasa mwingine wa tovuti hiyo hiyo ulikuwa umesema hivyo. Akawapeleka kwenye baraza la kutatua madai madogo la jimbo la British Columbia, na huko kampuni ikaja na hoja ya ajabu, kwamba roboti ni kama mtu mwingine anayejibeba kwa maneno yake. Februari 2024 baraza likaitupa hoja hiyo, likasema roboti ni sehemu ya tovuti na tovuti ni ya kampuni, na mteja hana wajibu wa kwenda kuhakikisha ukurasa mmoja kwa ukurasa mwingine. Wakaamriwa kulipa, pamoja na riba na gharama ikafika dola 812 za Kanada na senti mbili. Pesa ndogo, lakini dunia nzima ya wateja wa mtandaoni iliisoma.

Sheria ya Kanada haitufungi sisi, naelewa, lakini we chukua kilichomwokoa yule bwana: alikuwa na skrinshoti. Ile ile uliyoandikiana na roboti ipige picha yote, tarehe ionekane, andika malalamiko kwa barua pepe uambatanishe, usiishie kubishana na kijana wa kaunta maana huyo hana mamlaka wala hakuitengeneza roboti. Hapa kwetu tuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, na Katiba yenyewe kifungu cha 46 inasema mteja ana haki ya kupewa habari zinazomwezesha kufaidika na kile anachonunua. Habari ya uongo si habari. Wakikaidi, malalamiko yanapelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Mimi roboti sizichukii, salio na saa ya ndege ziulize roboti, hiyo inakujibu hata siku ya Idi. Ubaya wake ni pale inapokuwa ukuta. Unaandika "nataka kuongea na mtu" inakuletea menyu ile ile, moja, mbili, tatu, hakuna ya nne ya binadamu. KLM, kampuni ya ndege ya Uholanzi, walijenga jina lao kinyume na hivyo. Aprili 2010 volkano ya Iceland ikalipuka, anga ya Ulaya ikafungwa kwa sababu ya majivu, abiria wamekwama kila mahali na simu za kampuni zimezidiwa, wakawaweka wafanyakazi kujibu watu mmoja mmoja Facebook na Twitter, na tangu siku hizo hawakuiacha hiyo kazi, hata 2017 ndio wakawa kampuni ya ndege ya kwanza kuwa na akaunti ya WhatsApp iliyothibitishwa. Watu waliokwama uwanjani hawakuambiwa wabonyeze mbili.

Ami, mgeni wangu ameandika kwenye mtandao kwamba nyumba yangu ni nzuri, chakula kizuri, lakini "punda wanalia saa kumi alfajiri na msikiti unaita watu usiku", ametoa nyota mbili. Nyota mbili kwa punda! Mwanangu anasema tumjibu vikali, mpwa wangu anasema atafute marafiki kumi watuwekee nyota tano. (Mwenye nyumba, Mkomani)

Nimecheka, nisamehe. Lo, nyota mbili kwa punda.

Mpwa wako mkataze kwanza. Maoni ya kubuni mitandao yenyewe inayasaka na kuyafuta, na watu kumi wa Lamu wote kuisifu nyumba ya Lamu wiki moja, na hakuna hata mmoja aliyelala hapo, hiyo inanuka kutoka Mokowe. Marekani tangu Oktoba 2024 imekuwa na kanuni rasmi inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo, yaani tabia imezidi mpaka serikali imeingia.

Jibu lako halimlengi yule mgeni, yeye ameshafika kwao. Linamlenga yule anayesoma leo akifikiria kuja. Kwa hivyo andika fupi na kwa heshima: "Ahsante kwa kutusifia chakula. Ni kweli nyumba iko ndani ya mji wa kale, punda ndio wanaobeba mizigo yetu kwa kuwa magari hayapiti vichochoroni, na adhana ya alfajiri husikika. Anayependa utulivu zaidi atuambie mapema, tuna chumba cha nyuma." Basi. Atakayesoma atajua punda wapo, atajua una chumba cha nyuma, na wengine watakuja kwa sababu ya hao hao punda, maana mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na watu wanaufuata kwa vile ulivyo. Halafu maneno hayo hayo yaweke kwenye tangazo lako la chumba, mtu ayasome kabla ya kulipa.

Na kama huna chumba cha nyuma usiseme unacho.

Ami, nilienda kupakwa hina ya harusi ya dadangu, yule mpakaji akapiga picha mikono, sikujali. Sasa naona TikTok video yangu nzima, uso, nimefungua mtandio, imetazamwa na maelfu. Nimemwambia aitoe ananiambia ni tangazo la biashara na mimi ni mteja wake. (Bibi hina, Lamu)

Kuwa mteja wake hakumpi ruhusa ya uso wako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha yako ni data yako. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, nao pia bila shaka walidhani ni tangazo tu.

Mwandikie, si kwa mdomo, mwambie hukukubali na umempa mpaka siku fulani aiondoe. Video hiyo iripoti kwa TikTok wenyewe huku ukisubiri. Asipoiondoa, malalamiko unayajaza kwenye tovuti ya ofisi ya Kamishna, hulipi kitu na huhitaji wakili. Kwanza mtumie mamake mkubwa akaongee naye, Lamu ni ndogo na huenda ikaisha kwa kikombe cha kahawa, lakini skrinshoti piga kabla ya mama mkubwa hajafika.